Ruzuku za utafiti: nilikosa mara tatu kabla ya kupata, na sababu haikuwa koneksheni

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Wewe ni mhadhiri msaidizi chuo cha mkoani, una shahada ya uzamili, ndani ya mwaka mmoja umetuma maombi matatu ya ruzuku kwa ajili ya utafiti wako wa chakula cha sato wa mabwawani, na yote yamejibiwa na ile barua ya "tunasikitika kukujulisha". Sasa unauliza kama hizi hela ni za wenye koneksheni. Mimi nami nilikosa mara tatu, na wakati ule ningekula kiapo kwamba ni koneksheni. Siku hizi nikiyafungua yale maandiko yangu ya maombi naona aibu. Hata mimi nisingejipa hela.

Ngoja nikusimulie andiko la tatu. Nilitaka kupima pweza wanaovuliwa na akina mama wa kijiji kimoja kusini ya Kilwa, wale wanaotembea juu ya mwamba maji yakipwa, kijiti mkononi, wakichokoa shimo moja baada ya jingine. Nikaandika kurasa 12. Kurasa 9 zilikuwa za umuhimu wa bahari duniani, mabadiliko ya tabianchi, usalama wa chakula na kila neno zuri nililowahi kulisikia kwenye warsha. Kwenye ratiba nikaweka: Julai, siku 30 mfululizo, kukusanya takwimu. Likarudi. Mtathmini mmoja aliandika sentensi moja tu, kwamba ratiba haionyeshi kama mwombaji analifahamu eneo lenyewe. Nilikasirika sana. Mimi mtoto wa pwani niambiwe siijui pwani?

Baadaye nikapita kijijini pale kwa shughuli nyingine, nikamsomea ile ratiba bibi mmoja ambaye hakuna anayemshinda kwa pweza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Siku zote thelathini, mjukuu wangu? Na maji mafu utapima nini?"

Mwamba ule unakauka vizuri siku za bamvua tu, maji yanapopwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kama siku 5 kila mara. Maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hayapwi sana, hakuna anayekwenda. Isitoshe Julai ni kusi, upepo unavuma na maji yanachafuka. Kwa hiyo katika siku zangu 30 ningefanya kazi 10, na 20 ningekaa barazani kula posho ya mfadhili. Sikuhitaji maelezo zaidi. Jambo hilo nalijua tangu utotoni, ila nilipokaa mbele ya kompyuta niliandika kama mtu asiyewahi kulowa miguu.

Nikaandika upya. Siku zilibaki 30 ila zikawa safari 6, bamvua 6, kuanzia Novemba kusi likiwa limekwisha. Bajeti nayo ikajipanga. Nauli mara 6. Wasaidizi 4, siku 30, shilingi 20,000 kwa siku, jumla 2,400,000, badala ya neno tupu "wasaidizi". Mizani 2 badala ya 1, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini: mizani ya betri na maji ya chumvi haviivani, na moja ikifa kijijini bamvua haikungoji mpaka uende mjini kununua nyingine. Utangulizi ukashuka hadi ukurasa mmoja na nusu. Andiko hilo ndilo lililonipatia paundi 4,860. Wazo lilikuwa lilelile, na Kiingereza changu kilikuwa hikihiki cha kuungaunga.

Sasa tuje kwako. Umeandika kwamba mradi wako ni wa miezi 4. Sato wa bwawani huchukua miezi 6 au zaidi mpaka afikie uzito wa kuuzwa. Mtathmini aliyewahi kufuga hafiki ukurasa wa pili. Kama unapima ukuaji wa vifaranga tu, sema hivyo waziwazi. Kama unataka kuonyesha faida kwa mfugaji, ongeza miezi. Halafu umesema maombi mawili kati ya matatu ulipeleka kwenye mifuko ya Ulaya inayotaka muungano wa vyuo vya nchi kadhaa. Hapo ulikuwa unapoteza usingizi wako bure. Mtu ambaye hajawahi kushika ruzuku hata moja anaaminiwa kwanza kwa hela ndogo.

Hela ndogo zipo wapi? Kwa upande wako anza na RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wa mambo ya kilimo wenye makao yake Makerere. Angalia kama chuo chako ni mwanachama. Hapa nyumbani kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, matangazo yake usiyangoje kwenye magrupu ya WhatsApp, ingia mwenyewe kwenye tovuti yao. TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, ya Trieste, Italia, iliyoanzishwa 1983, hutoa ruzuku za sayansi za msingi kwa watafiti wa nchi zetu, na kwa dada zetu wanasayansi kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi, mji huohuo. Wa sayansi za jamii wanaosoma hapa wawaangalie CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, la Dakar, wapo tangu 1973. Wa uhifadhi wa mazingira, mfuko wa Rufford wa Uingereza: unaanza na ruzuku ndogo, ukimaliza na ripoti ikaeleweka unaruhusiwa kuomba inayofuata.

Njia ninayoiamini kuliko orodha yoyote ni hii. Chukua makala 20 za karibuni kuhusu mada yako zilizoandikwa na watu wa Afrika Mashariki, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya shukrani mwishoni. Pale wanamtaja aliyewalipa. Kisha nenda kwa mfadhili huyo utazame aliowahi kuwapa. Rufford, kwa mfano, wanaiweka miradi yao wazi mtandaoni, na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ina hifadhidata nzima ya miradi inayoilipia. Ukikuta hawajawahi kumpa mtu wa mabwawa, funga ukurasa, tafuta mwingine.

Kuhusu Marekani, usiombe wiki ya mwisho. Kwa ruzuku za serikali yao chuo lazima kiwe kimesajiliwa SAM.gov, tovuti yao ya kusajili wanaoomba hela za serikali, na kiwe na namba ya utambulisho ya UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022, na usajili wenyewe unaweza kula wiki kadhaa. NIH kwa kawaida huzipa taasisi za nje asilimia 8 tu ya ziada kwa ajili ya gharama za uendeshaji wa taasisi, kwa hiyo kama ofisi yenu ya utafiti imezoea kukata zaidi ya hapo, malizaneni mapema. Na baada ya yaliyotokea 2025, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa, mimi simshauri mtu aweke ndoto yake yote kwa mfadhili wa nchi moja.

Vibali watu wanavisahau kwenye ratiba. Mimi nilikuwa na barua ya chuo, nikaenda nayo ofisi ya mkoa, mkoa ukaandika wilayani, wilaya ikaandika kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji, halafu nikakaa na BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, maana ndio wenye pwani yao. Wiki 3 zilikwisha na sijaona hata mkia wa pweza. Ukigusa afya za watu ongeza kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na huko hesabu miezi.

Hela yenyewe ilipoingia ilipitia akaunti ya taasisi moja nisiyoitaja, ikalala huko wiki 7 ikingoja saini. Bamvua 3 zikapita. Nilimwandikia mfadhili siku ileile, sikungoja ripoti, akaniongezea muda bila maneno mengi. Siku hizi kabla ya kusaini mkataba naenda kwa mhasibu, namuuliza fomu gani, nani anasaini, na yule anayesaini akisafiri anamwachia nani.

Wadhamini wanaokuandikia barua za mapendekezo waombe mwezi mzima kabla na uwape muhtasari wa ukurasa mmoja. Profesa hakumbuki ulisomea nini. Na anayekutoza ada ya fomu ili upewe ruzuku ni tapeli, usimjibu.

Weka hapa ratiba na bajeti ya lile andiko la mwisho, utangulizi bakia nao. Bamvua inaanza Alhamisi na kule mtandao ni wa kupanda juu ya mnazi, nikirudi nitaipitia mstari kwa mstari.