Nyoka wako na joto la nyumbani: maswali na majibu

Kaskazi imeingia, na maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu joto. Nimechagua matano.

Nakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe, chini. Nina chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira. Unguja joto halikosekani mwaka mzima, ya nini tena taa?

Bibie, joto la uani silo la ndani. Kuta zile nene za mawe na chokaa zinatuhifadhi sisi na jua, lakini chatu wako hana joto la mwili la kujitengenezea, hulitafuta nje yake. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili 25 hadi 27. Kila upande uwe na pango lake. Pango likiwa moja tu, atakaa mafichoni hata kama hapo alipo anaona baridi, maana kwake usalama hutangulia.

Usipime kwa kiganja. Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Taa ikae nje ya wavu asiifikie, na kama unatumia mkeka wa umeme, upitishe kwenye thamostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha umeme ili joto lisizidi. Nyoka anaweza kulalia kitu kinachomuunguza tumbo asiondoke. Yale mawe ya bandia yanayopashwa kwa umeme usiyanunue kabisa.

Kaka, nyumba yetu Jang'ombe ni ya bati. Saa nane mchana ndani panachoma. Nyoka wangu wa mahindi anashinda kwenye bakuli la maji. Nimemwekea feni, bado.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kwetu visiwani joto huua nyoka upesi kuliko baridi. Nyoka wa mahindi ni wa Marekani. Upande wake wa ubaridi hutakiwa uwe karibu na nyuzi 24. Sanduku zima likipita 33 mchana kutwa, hana pa kukimbilia ila hayo maji.

Feni hutupoza sisi kwa kukausha jasho. Nyoka hatoki jasho, kwa hiyo feni inamsogezea hewa ileile ya moto. Gunia lililoroweshwa nalo halifui dafu hapa, hewa yetu imeshajaa unyevu. Fanya hivi: zima taa ya joto mchana wote wa kaskazi. Shusha sanduku sakafuni, maana joto hupanda juu kwenye bati. Lisogeze kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la alasiri. Gandisha chupa ya maji, izungushie kitambaa, iweke juu ya wavu upande mmoja tu, ili abaki na hiari ya kusogea.

Mwangalie pia chini ya kidevu na pembeni mwa macho. Ukiona vidoa vyeusi vinavyotembea ni utitiri, na huo pia humfanya nyoka ajitose majini.

Na tangi la kioo lisikae dirishani, hata asubuhi. Nyoka wangu wa kwanza nilimpoteza hivyo. Nilimwacha kwenye tangi la kioo pakiwa na kivuli, jua likazunguka, niliporudi kutoka sala ya adhuhuri ameshakufa. Inaniuma mpaka leo.

Umeme ukikatika usiku je?

Sisi tuliokuwepo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, swali hili tunalielewa. Usiku mmoja au miwili wa nyuzi 22 hautamdhuru chatu mzima mwenye afya. Funika sanduku kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa, weka ndani chupa ya maji ya uvuguvugu iliyovikwa soksi, na usimlishe mpaka joto lirudi. Jiko la mkaa usiliingize chumbani, hewa yake ni sumu kwako na kwake.

Julai iliyopita chatu wangu alitapika panya siku ya tatu baada ya kula. Alikuwa mgonjwa?

Huenda kipupwe ndicho kilichomponza. Tumbo likipoa, chakula huoza kabla hakijasagika. Ikitokea tena, mwache bila chakula siku 10 hadi 14, maji yawepo, usimshikeshike, kisha mpe panya mdogo kuliko kawaida. Akirudia kutapika, au akikaa mdomo wazi huku anakoroma na kutoa povu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Shikamoo. Mwanangu, yuko darasa la sita hapa Wete, amemkamata nyoka wa kahawia chini ya mikarafuu. Anataka kujua amwekee joto kiasi gani.

Marahaba. Huyo asifugwe, mwanangu. Hamjui ni nyoka gani, na rangi peke yake haitakwambia kama ana sumu. Mtoto asimguse tena. Kama yumo kwenye ndoo, iwe na kifuniko chenye matundu, ikae kivulini, na muwaite watu wa misitu leo, kabla jua halijawa kali.