Usichome hizo DVD 40 kabla hujatazama dakika kumi za mwisho

Simama hapo hapo mkuu, usiguse kitufe.

Umesema boksi la DVD 50 umeshanunua, video za harusi ya dada yako umezishusha Telegram na YouTube, vipande vingine vilikujia kwa WhatsApp, na usiku wa leo unachoma nakala 40 za kupeleka kwa wazee wa Lushoto na Pangani ambao hawana simu janja ila deki wanazo. Ukauliza mambo matatu: utumie programu gani, menyu inawekwaje, na kama kuchoma kwa spidi ya 16x, yaani mara kumi na sita ya kasi ya kawaida, kuna madhara. Kisha mjumbe hapo juu akakujibu kwa mstari mmoja: "Weka 16x mkuu, unamaliza fasta."

Fasta! Mimi ushauri huo niliupokea neno kwa neno, nikachoma boksi zima, na mpaka leo kuna mitaa ya Tanga hii napita upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa mahafali ya madrasa moja huku Makorora. Wazazi walikuwa wamelipa kabla, majina yao yapo kwenye daftari la ustadhi, kila aliyelipa amewekewa alama ya vema. Video zilipigwa na vijana wawili kwa simu, nyingine zikapandishwa YouTube, nyingine zikatumwa Telegram. Kazi yangu kuzishusha, kuziunga, kuzigeuza ziwe DVD na kuzichoma. Mpangilio ukawa hivi: qaswida ya kufungulia, kisomo, hotuba ya mgeni rasmi (ndefu, Mungu amsamehe), halafu mwisho kabisa watoto wanaitwa mmoja mmoja kupokea zawadi.

Sasa niambie, mzazi katoa hela yake aone nini? Mgeni rasmi? Ametoa aone mwanawe anapanda jukwaani, kanzu imempita kimo, anapokea msahafu. Sekunde kumi hizo ndizo alizozinunua, na zote zilikuwa mkiani mwa DVD.

Na nilikagua, msifikiri sikukagua. Nilitumbukiza moja kwenye laptopu, qaswida ikapigwa safi, picha nzuri, sauti nzuri, nikafunga. Nikazigawa baada ya swala ya Ijumaa kwa mbwembwe zote. Kufika Isha mlangoni kwangu pana watu. Mama mmoja wa Mabawa alikuja na DVD kaifunga kwenye pindo la kanga, hakusalimia, akaniuliza tu, "Mwanangu yuko wapi?" Tukaenda kwake tukaiweka kwenye deki yake. Hotuba ikapita yote, hata neno moja halikukwama (ingekwama ile angalau ningepata thawabu). Mshereheshaji akashika orodha, akaita jina la kwanza, la pili, picha ikaanza kukatika viboksi viboksi, mtoto akaganda nusu mwili, deki ikakoroma kidogo na kuandika kwamba haina disc ndani.

Waliobahatika DVD zao zikafika mwisho ndio waliokuja na hasira zaidi. Kwao sauti ilikuwa imeitangulia picha. Jina linaloitwa ni la mvulana, anayepokea zawadi ni binti aliyeitwa kabla yake. Ustadhi anaomba dua, dua imekwisha na watu wameshaitikia amina, yeye midomo bado inacheza. Baba mmoja aliniuliza kama nimeitia jini.

Hela nilirudisha. Siyo zote kwa mpigo, nyingine zilikuwa zimeshageuka wali.

Yule kijana wa steshenari pale Ngamiani aliyeniuzia DVD ndiye aliyeniuzia na ushauri, vyote kwa pumzi moja: "Kaka, zimeandikwa 16x, we weka 16x, kwani kampuni haijui?" Niliporudi na boksi langu la vilio akaziangalia, akazigeuzageuza kwenye mwanga kama anayekagua noti, akasema, "Labda deki zao mbovu." Deki zote, yakhe? Kuanzia Makorora mpaka Mabawa, watu wasiojuana, deki zimekula njama siku moja? Na yule mwalimu wa YouTube niliyejifunzia kuchoma, mwenye muziki mkubwa kuliko maelezo, somo lake lilikwisha pale draivu ilipotema DVD. Akaiinua, akatabasamu, kwaheri. Hakuiweka kwenye deki hata sekunde moja! Ni sawa na mtu anayekufundisha kupika halafu chakula hakionji.

Nilichokuja kukielewa baadaye, na ndicho nakuomba ukishike hata ukisahau mengine yote, ni kwamba magonjwa ya DVD yanaonekana mwisho, kwa hiyo ukaguzi unaanzia mwisho.

DVD inaandikwa kuanzia ndani, karibu na tundu, kwenda nje ukingoni. Mwanzo wa harusi unakaa ndani, mwisho unakaa ukingoni. Ukiiambia draivu ichome kwa 16x, haianzi na 16x. Huko ndani inaanza na kama sita au saba, inapanda kadiri inavyosogea nje, hiyo 16 yenyewe unaipata ukingoni tu. Na ukingoni ndiko DVD za bei poa zinakofanya vibaya kuliko popote: rangi inayochomwa haikupakwa sawasawa, na kama plastiki imepinda kidogo, pale ndipo inapoyumba zaidi. Yaani kasi kubwa kabisa inakutana na mahali pabovu kabisa, na mahali hapo ndipo ulipomweka mtoto wa watu na msahafu wake. Ukikagua qaswida ya mwanzo umekagua sehemu ambayo haijawahi kumdhuru mtu.

Sauti nayo ni vilevile, ila chanzo chake kingine. Simu hairekodi picha kwa idadi moja kila sekunde. Ukumbi ukiwa na giza inapunguza, ikipata moto inapunguza, kukiwa na mwanga inarudi juu. DVD ya huku kwetu, ya mfumo wa PAL, inataka picha 25 kila sekunde, bila mchezo, kwa ukubwa wa 720 kwa 576. Programu nyingi za kugeuza zikikutana na video ya simu hupiga wastani na kuendelea na safari. Dakika ya kwanza tofauti huioni. Inajikusanya polepole, na ikifika saa moja na nusu ndipo binti anapopokea zawadi kwa jina la kiume.

Kwa hiyo usiku wa leo, badala ya kuchoma, shusha MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za video, ni ya bure. Fungulia kila kipande cha video na utafute mstari wa Frame rate mode. Ukikuta Variable, yaani idadi ya picha inabadilikabadilika, kipande hicho kina ugonjwa. Kipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua 25 na Constant (isiyobadilika), ndipo ukiunge na wenzake. Lakini nisikie vizuri: HandBrake haitengenezi DVD. Wengi wamekwama hapo. Inakupa MP4 iliyotulia, basi. Ukiichukua MP4 hiyo ukaiburuta kwenye DVD na kuchoma, umetengeneza ghala la mafaili. Laptopu itacheza, deki ya zamani ya Lushoto itaitazama na kuitema.

Anayegeuza kuwa DVD yenyewe, yaani video ya MPEG-2 ambayo deki inaielewa na sauti ya kilohezi 48, ni DVDStyler, nayo ya bure. Mwanzoni inakuuliza PAL au NTSC. Ni PAL. Ukiona imetoa folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB ndani, hapo umefika. Menyu utaiona humo humo, usihangaike nayo sana, wazee wenyewe wanabonyeza kitufe cha kuanza tu. Na tafadhali usiingie kwenye programu za kulipia zinazokuambia "jaribu bure." Zitakugeuzia kila kitu vizuri kisha zikapiga mhuri wa jina lao katikati ya uso wa bibi harusi, au zikakata video katikati.

Halafu usiijaze. Boksi limeandikwa gigabaiti 4.7 kwa sababu wao wanahesabu kwa elfu, kompyuta yako itasoma 4.37 hivi. Saa mbili za video zinakupa kama megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hiyo ni picha ya heshima. Saa tatu unashuka mpaka tatu na nusu, na hapo hereni za shangazi hazionekani. Mimi siku hizi naishia gigabaiti 4, ule ukingo nauacha mtupu kabisa, sina shida nao na wenyewe wasiwe na shida na mimi. Harusi yako ikizidi saa mbili tengeneza DVD mbili, au kata maneno ya MC. Hakuna atakayelalamika isipokuwa MC.

Kuna vipande umesema vilipita WhatsApp. Hivyo vimeshakamuliwa, hakuna programu itakayovirudisha. Waombe wenye simu wakutumie upya kama dokumenti, siyo kama video. Bando litaumia, vumilia.

Spidi sasa. Chagua 8x. Watakuja wa kusema 1x au 2x ndiyo salama zaidi. Hiyo ni hadithi ya enzi za DVD za kwanza. Rangi ya DVD za 16x haikutengenezwa kwa mwendo wa konokono, na draivu nyingi hazitakuruhusu kwenda chini hivyo. Kwa 16x DVD iliyojaa inakwisha kwa dakika kama sita, kwa 8x ni kama nane mpaka kumi. Piga hesabu ya nakala zako 40 uone unachookoa ni kama saa moja na nusu mpaka mbili na nusu hivi. Choma kwa siku mbili. Harusi imeshapita, bwana harusi haendi popote. Na betri ya laptopu iwe nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kuchoma, hiyo DVD haina kazi tena zaidi ya kutundikwa shambani kufukuza ndege.

Kuchoma kwenyewe mimi natumia programu ya ImgBurn na Verify, ukaguzi wake baada ya kuchoma, naiwasha. Ila Verify isikulevye. Inakuambia kwamba draivu iliyochoma inaweza kusoma ilichokichoma yenyewe, na hiyo siyo deki ya mjomba yenye jicho lililochoka na vumbi la miaka. Deki ndiyo hakimu. Kama unayo DVD-RW moja, jaribia hiyo kwanza kuangalia sauti na mpangilio, maana unaifuta na kuirudia. Ikikataa kwenye deki kuukuu usishangae, RW inaakisi mwanga kidogo kuliko DVD za kuchomwa mara moja na deki nyingi za zamani hazizipendi. Jaribio la mwisho lifanyike kwa DVD ileile ya kwenye boksi utakayowapa watu.

Kwa hiyo unachoma moja. Moja tu, nasema tena, maana najua mkono unawasha. Unatafuta deki mbovu kuliko zote kwenye ukoo wenu, ile inayopigwa kofi kidogo ndiyo isome. Wewe umesema uko Tanga, basi usianze na Lushoto, anza na Pangani, siyo mbali. Unaiweka, unaruka mpaka sura ya mwisho, unakaa kwenye mkeka na kutazama dakika kumi za mwisho bila kushika simu, jicho kwenye midomo ya watu na sikio kwenye sauti. Ikipita, unarudi katikati, unatazama pale ulipounga vipande. Mwanzo ukitaka tazama, usipotaka acha.

Kama zimebaki dakika tano za mwisho na imekwama, umepoteza DVD moja na nauli. Rudi, punguza gigabaiti, jaribu boksi la kampuni nyingine, choma tena moja.

Na wewe mjumbe wa "fasta," hujatueleza bado. Hizo DVD zako za 16x, uliwahi kuzitazama zikafika mwisho kwenye deki ya mtu mwingine, au uliziona zikitoka tu?