Mtoto mwenye usonji kwa kinyozi

Pole mama. Umeuliza kwa nini mwanao wa miaka sita mwenye usonji hupiga mayowe kila akipelekwa kunyolewa, na kama ni kweli umemdekeza. Hujamdekeza. Watu wengi wenye usonji hupokea sauti, mwanga na mguso kwa nguvu kupita kiasi. Hata DSM-5, mwongozo wa utambuzi uliotolewa Marekani mwaka 2013, unalitaja jambo hilo miongoni mwa dalili. Mashine inayonguruma sikioni, vinywele vinavyochoma shingoni, redio iko juu: kwake yote hayo yanaumiza kweli.

Mdogo wangu, naye mwenye usonji, tulianza kumpeleka kwa kinyozi asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Siku ya kwanza hakunyolewa. Alishika tu mashine ikiwa imezimwa, akaigeuzageuza. Siku nyingine iliwashwa kwa mbali. Ilipofika zamu ya kunyoa, kinyozi alimwambia, "Nahesabu mpaka kumi, halafu napumzika," na kwenye kumi akasimama kweli. Hapo ndipo kwenye siri yote. Ukiahidi kumi usifike kumi na moja, maana atakuwa anahesabu.

Akiziba masikio, usimtoe mikono. Akizidiwa, toka naye nje mkae kimya. Maswali mengi wakati huo yanamwongezea mzigo. Na usikubali ashikwe mikono na miguu ili kazi iishe haraka. Nywele zikibaki nusu wiki hii, mtamalizia wiki ijayo.