Maswali ya Wasomaji: Pori la Baba na Bei ya Saa Moja

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Masasi, Ruangwa, Tandahimba na Newala. Waandishi wake hawafahamiani, lakini kila mmoja ana miti iliyo yake mwenyewe, au anatamani kuishi kwa kazi ya miti, na anauliza aende wapi kupata elimu. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu mambo yaliyomo yanawagusa wengi.

*Mhariri, salaam. Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia pori la ekari 18 hivi hapa Masasi ambalo hakuwahi kulilima. Mna mininga, mikongo na mipingo kadhaa. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa mbao, akatembea humo kwa muda usiozidi saa moja, kisha akataja bei ya miti yote kwa mkupuo. Wadogo zangu wanataka tupokee. Mimi naona tunauza kitu tusichokijua. Je, mtu binafsi mwenye msitu anaweza kupata mafunzo, au mafunzo ni ya vijiji na serikali tu? — Mrithi, Masasi*

Ndugu Mrithi, pole kwa msiba. Fedha hizo msizipokee kwanza. Sisemi kwamba mnunuzi huyo ni mtu mbaya, wala kwamba bei yake lazima ni ndogo; nasema tu kwamba katika saa yake moja amejua kuhusu msitu wenu mambo ambayo ninyi hamjayajua kwa miaka yote mliyoishi kando yake, na biashara ya namna hiyo humpendelea anayejua.

Tuanze na umiliki, kwa kuwa hakuna ofisi itakayowasikiliza vizuri kabla jambo hilo halijanyooka. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaitambua misitu ya watu binafsi, ikiwamo ile iliyo ndani ya ardhi ya kijiji na inayoshikiliwa na mtu mmoja au zaidi kwa haki ya kimila. Haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kama marehemu hakuwa na hati, nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkiwa ndugu wote pamoja, na majirani wanaopakana nanyi waitwe waoneshe mipaka wangali hai. Tena, kwa kuwa katika koo nyingi za huku kusini urithi ulikuwa ukifuata upande wa mama, msishangae mjomba akitaka kusikilizwa. Ni afadhali azungumze leo barazani kuliko kuja kuzungumza siku magogo yanapopakiwa kwenye lori.

Jambo la pili linawaudhi wengi, nami naelewa kwa nini: kumiliki ardhi si sawa na kuruhusiwa kukata kila mti uliomo. Miti ya asili yenye thamani, kama hiyo mliyoitaja, huvunwa kwa biashara baada ya kupata kibali na leseni, magogo hugongwa nyundo ya alama, na hayasafirishwi bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kanuni pia zimeweka kwa kila aina ya mti kipenyo cha chini ambacho mti usiokifikia haukatwi. Kwa hiyo mnunuzi anayesema "karatasi niachieni mimi" muulizeni ni karatasi zipi, zitaandikwa jina la nani, na miti mingapi imeombewa. Likitokea tatizo njiani, shamba linalotajwa ni lenu.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Somo la kwanza linahitaji futi ya fundi cherehani, daftari, kopo la rangi na siku tatu au nne za kutembea. Kwa kila mti mkubwa wa thamani, pimeni mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha mgawe kwa 3.14 mpate kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 126, kwa mfano, una kipenyo cha sentimita 40. Andikeni jina la mti, kipenyo, na kama shina limenyooka au lina tundu, kisha mtieni alama ya rangi ili msiuhesabu mara mbili. Ekari 18 ni kama hekta 7 na robo. Eneo la ukubwa huo linaweza kuhesabiwa lote bila kulazimika kukadiria kwa sampuli. Mkitaka kujua ujazo, kumbukeni kwamba gogo la urefu wa mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 40 katikati yake ni takribani nusu ya mita moja ya ujazo. Mkimaliza, mtakuwa na daftari ambalo hata afisa atakayekuja atalifurahia, na mnunuzi atakayerudi atajikuta anazungumza na watu wengine kabisa.

Andikeni pia miti michanga, hata ile inayoonekana haifai kitu. Mche wa mninga una tabia inayowadanganya watu: kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina lake hunyauka kila kiangazi huku mzizi ukiendelea kunenepa chini, mpaka mwaka unaofika ambao shina hupata nguvu ya kusimama moja kwa moja. Mtu asiyejua hudhani mche umekufa, akaufyeka pamoja na majani. Mpingo nao hukua polepole sana, na unaweza kuhitaji miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, ingawa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi ukilindwa. Kwa hesabu hiyo, mipingo mnayoiona leo ilianza kuota kabla ya baba yenu kushika jembe.

Walimu wako karibu kuliko mnavyofikiri. Kwanza, katika wilaya kuna afisa misitu wa halmashauri na kuna ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Watu huwachanganya, lakini ni wawili, na inafaa kuwaandikia wote. Barua isiombe "msaada" kwa jumla, maana barua ya namna hiyo hulala kwenye jalada. Iombe mambo matatu yanayotajika: afisa afike kuitambua miti pamoja nanyi, awaeleze utaratibu wa vibali kwa msitu wa mtu binafsi, na awaongoze kuandika mpango mfupi wa usimamizi. Daftari lenu liambatanishwe.

Pili, nendeni mkaone wenzenu. Ni kweli kwamba miradi mingi ya misitu ya asili katika ukanda huu imewalenga wanakijiji kwa pamoja wala si mtu mmoja mmoja. Shirika la MCDI, lenye makao Kilwa Masoko, limefanya kazi na vijiji vilivyotenga misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya kwanza chini ya mpango wake vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha uvunaji endelevu. Mradi wa FORVAC, ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland kuanzia mwaka 2018, ulifika Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Ninyi hamkuwa walengwa, lakini wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji hivyo wamefundishwa kupima miti, kupanga uvunaji na kujadiliana na wanunuzi, na elimu hiyo sasa imo vichwani mwao. Nauli ya kwenda Nachingwea na chakula cha mwenyeji wako ni ada ndogo kwa kozi ya namna hiyo. Waulizeni hasa waliuzaje kwa mita ya ujazo badala ya kuuza kwa macho.

Tatu, wiki ya Nanenane mwanzoni mwa Agosti, kwenye viwanja vya Ngongo mjini Lindi, taasisi nyingi hukaa chini ya mahema zikingoja kuulizwa. Wageni wengi hupita wakipokea vipeperushi. Ninyi nendeni na daftari.

Neno la tahadhari kuhusu vitabu. Vijitabu vingi vya Kiswahili kuhusu miti ya watu binafsi vimeandikwa kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini, ambako wakulima wa Njombe na Mufindi hupanda misindano na mikaratusi. Ni vizuri kwa hesabu na kwa mikataba, lakini ratiba zake za kupanda na kuvuna hazilihusu pori la miyombo la Masasi. Kwa miti ya asili, waandikieni Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, zote zikiwa Morogoro. Wanafunzi wa Sokoine huhitaji mahali pa kufanyia utafiti, na mwenye msitu aliye tayari kuwapokea hupata vipimo vya kitaalamu bila gharama kubwa.

Wakati mkiendelea kujifunza, lindeni pori na moto. Kuanzia Juni watu husafisha mikorosho na kuchoma takataka, na wapo wawindaji wa panya ambao huwasha majani ili kuwatoa mashimoni. Kitoweo hicho nakiheshimu, lakini moto wa Septemba, majani yakiwa yamekauka kabisa, huweza kuua miche mingi mliyoihesabu. Limeni mkanda wa kuzuia moto kuuzunguka msitu mara mvua zinapoisha. Kama afisa atashauri uchomaji wa mapema, ufanyike mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa bado na unyevu, jioni, na majirani wakiwa na taarifa.

*Nina ekari mbili za mitiki niliyopanda miaka sita iliyopita kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5. Imebanana. Jirani ananiambia nikikata ninapoteza, mwingine anasema nipunguze. Nimsikilize nani, na nijifunzie wapi? — Mama Mkulima, Ruangwa*

Mama, msikilize wa pili. Kwa nafasi hiyo ulipanda miti ipatayo 650 kwa ekari, na si yote inayoweza kunenepa. Vilele vikishagusana, miti hugombea mwanga, ikarefuka bila kunenepa, na bei ya mtiki iko kwenye unene wa shina. Awamu ya kwanza ya kupunguza inaweza kuondoa hata nusu ya miti, ukianza na iliyopinda, iliyogawanyika na iliyodumaa. Usifuate mstari kwa mstari. Simama chini ya kila mti uangalie juu kwanza. Utakayoiondoa si hasara, kwa maana hufaa kwa nguzo za kujengea, na kabla ya kusafirisha chochote ulizia kwa afisa misitu karatasi zinazotakiwa. Machipukizi yatakayotoka kwenye visiki yaondoe, yasije yakashindana na miti uliyoibakiza.

Darasa lako liko Rondo. Shamba la miti la serikali lililo kwenye uwanda ule wa Lindi lina mitiki, na kuitazama mitiki ya rika mbalimbali ikiwa imesimama kutakufundisha zaidi ya maneno yangu. Andika barua kwa meneja wa shamba mapema, na ikiwezekana nendeni kikundi, kwa sababu mwongozaji hutengwa kwa urahisi zaidi kwa watu kumi kuliko kwa mmoja. Wakulima wa miti wa Nyanda za Juu Kusini wameunda vyama vya vijiji na kisha umoja wa kitaifa, ndiyo maana mafunzo na wanunuzi huwafikia. Ukipata wenzako hata wanane wenye mitiki Ruangwa, mmeanza.

*Ninafikiria kufyeka msitu wangu wa ekari tano nipande korosho. Mnanishauri nini? — Tandahimba*

Shamba ni lako na korosho ni fedha, siwezi kukukatalia. Kabla ya shoka, hata hivyo, uliza mambo mawili. Kwanza, nenda kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, karibu na Mtwara mjini, uulize kama mikorosho uliyo nayo inazaa inavyopaswa. Mara nyingi mikorosho iliyozeeka au iliyosongamana ikirekebishwa hutoa zaidi kuliko eneo jipya, tena nafasi wanayoipendekeza ya mita 12 kwa 12 huwashangaza wengi waliozoea kubananisha. Pili, andika kwa mwaka mmoja kila kinachotoka katika msitu huo: kuni, fito, uyoga, asali, dawa, na ming'oko ambayo wanawake huchimba wakati chakula kimepungua ghalani. Watu hawaviandiki vitu hivyo kwa kuwa havipiti kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ukishaviandika ndipo ulinganishe. Mizinga michache pembezoni, ikiwa mbali na njia ya watoto na mbali na mikorosho inayopuliziwa dawa, inaweza kubadilisha hesabu yako.

*Nimemaliza kidato cha nne na nataka kusomea misitu. Vyuo ni vipi? — Kijana wa Newala*

Kwa astashahada na stashahada ya misitu, chuo kinachojulikana zaidi ni Olmotonyi, Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1937. Kama unavutiwa na viwanda vya mbao kuliko msitu wenyewe, kipo Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi. Na ufugaji nyuki hufundishwa Tabora. Vyote viko mbali na Newala, kwa hiyo piga hesabu ya nauli na malazi pamoja na ada. Ukikwama kwa alama au fedha, VETA Mtwara na VETA Lindi ni mwanzo wa heshima kwa anayetaka useremala, na seremala anayeitambua mbao kwa jina la mti wake huaminiwa na wateja. Kabla ya kutuma maombi, omba kujitolea mwezi mmoja kwenye kitalu cha halmashauri wakati wa maandalizi ya msimu wa kupanda, Oktoba au Novemba; kazi ni kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia, na utajua haraka kama unaipenda.