Vituo visikae ndani ya jedwali la njia

Mkuu, kwenye hifadhidata yako ya mabasi, hizo safu za kituo_1 hadi kituo_20 ulizoweka kwenye jedwali la njia zitakutesa. Chukua mfano wa mabasi ya mwendokasi ya Dar: kituo cha Ubungo linapita basi la Kimara–Kivukoni, linapita na la Kimara–Gerezani. Kituo kimoja njia nyingi, njia moja vituo vingi. Hapo unahitaji jedwali la tatu, njia_kituo: namba ya njia, namba ya kituo, na mfuatano wa vituo. Mfuatano usiusahau, bila huo hujui basi linaanzia wapi. Kwenda na kurudi zihesabu njia mbili. Namba ya basi na ya dereva usiziweke kwenye njia, hubadilika kila siku. Ziende jedwali la safari, pamoja na saa ya kuondoka. Nauli mimi ningeiacha mwisho.