Mate Yaliyorudi Mwezi wa Saba

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili. Nimeacha pombe, huu ni mwezi wa saba. Juzi nilikuwa kwa rafiki, nikasikia kizibo kikifunguliwa chumba cha pili. Mate yakanijaa, mikono ikatetemeka, nikaondoka bila kuaga. Nilipomsimulia mke wangu akasema, "Kumbe bado unaitaka." Tangu siku hiyo ananisikilizia pumzi nikirudi. Nimesoma kwamba wanasayansi wanaamsha kumbukumbu ya uraibu kisha wanaifuta. Basi nimeiweka bilauri yangu ya zamani juu ya kabati, naitazama kila usiku nikiiambia sikutaki. Nitapona hivyo, au kuna dawa ya kufuta? – Mwenye Mate*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hayo mate, maana ndiyo yaliyokugombanisha na mkeo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, alikuwa akipima mate ya mbwa. Mbwa akishazoea kwamba mlio fulani hufuatwa na chakula, mate humtoka kwa mlio peke yake. Mlio ukirudiwa mara nyingi bila chakula, mate hukauka. Hapo ungedhani yamekwisha. Lakini mbwa yuleyule akipumzishwa, kisha akasikia tena ule mlio, mate hurudi. Somo la zamani halikuwa limefutika. Lilikuwa limefunikwa na somo jipya, na somo jipya ni jepesi kubanduka, hasa mtu akiwa mahali pengine tofauti na alipojifunzia.

Sasa hesabu ni mara ngapi kizibo kimetangulia kinywaji katika maisha yako. Kila mara ubongo ulimwaga dopamini, kemikali inayouhimiza uzishike dalili zinazotangulia raha. Sauti ikashikwa, mahali pakashikwa, hata saa. Ndiyo maana mate yalikutoka kabla wewe hujaulizwa unataka nini. Kukuambia "bado unaitaka" ni kama kumwambia aliyepiga chafya kwamba anapenda vumbi. Ulichoamua wewe kilionekana kwenye miguu: uliondoka. (Kuaga utaaga siku nyingine.)

Wala usidhani kwamba kwa kuwa miezi imepita, hamu ilipaswa iwe imekufa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha majaribio ya panya waliozoeshwa kokeini kisha wakanyimwa. Walipoonyeshwa dalili za dawa hiyo, waliitafuta kwa nguvu zaidi baada ya wiki kadhaa kuliko siku za mwanzo. Hamu ilikuwa ikipikika kimyakimya.

Ulichosoma kuhusu kufuta kina ukweli ndani yake. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, wakiwa New York, waliwakumbusha panya mlio waliouogopa, kisha wakaingiza dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Hofu ikapungua mno. Panya waliopewa dawa hiyo bila kukumbushwa, hofu yao ilibaki palepale. Maana yake, kumbukumbu ikiamshwa hulainika kama udongo wa mfinyanzi, na kwa saa chache inahitaji protini mpya ili ikauke tena.

Mwaka 2012 watafiti wa China wakajaribu bila dawa yoyote, kwa watu waliokuwa wameacha heroini. Waliwaonyesha video fupi ya mambo ya heroini kwa dakika 5, wakangoja dakika 10, ndipo wakawaonyesha dalili hizo tena na tena, mfululizo, bila kitu kufuata. Hamu ilishuka, na miezi 6 baadaye ilikuwa bado chini. Wale waliongojeshwa saa 6 badala ya dakika 10 hawakupata nafuu hiyo. Mwaka 2019, London, wanywaji wa kupindukia waliandaliwa bia mbele yao, wakaamshwa hamu, kisha bia ikaondolewa ghafla kabla hawajainywa, wakachomwa sindano ya ketamini, ile dawa ya nusukaputi. Waliofanyiwa yote mawili, kuamshwa hamu na kupewa ketamini, walipunguza kunywa kuliko waliofanyiwa moja tu, na walifuatiliwa kwa miezi 9.

Mimi habari hizi zinanifurahisha, lakini sitakudanganya. Wale wa China walipimwa hamu, na hamu kupungua si sawa na kutorudia. Wale wa London hawakuwa watu waliokuja kutafuta tiba. Na ona jinsi kila kitu kilivyotegemea saa na mpangilio. Wewe na bilauri yako mnaamsha kumbukumbu kisha mnakwenda kulala. Kumbukumbu iliyoamshwa inaweza kulegea, na inaweza pia kukauka ikiwa ngumu kuliko mwanzo. Mtu anayejipima nguvu kila usiku, iko siku atapima akiwa amechoka.

Nenda kwa daktari, umweleze mate na mikono bila kuona haya. Zipo dawa kama naltreksoni na akamprosati zinazosaidia baadhi ya watu wasirudie. Hazifuti kumbukumbu, na yeye ndiye atakayejua kama zinakufaa. Kizibo kingine kikilia, usibishane na hamu. Toka, tembea, mpigie mtu simu, uitazame inavyopanda hadi ianze kushuka, maana haikai kileleni. Na ukiteleza ukanywa glasi moja, usiseme "basi, nimeharibu" ukamaliza chupa. Mwili wako umesahau kiasi ulichokuwa ukikimudu zamani.

Mkeo msomee ile habari ya mbwa. Usimwombe akuamini moja kwa moja, ni mapema, na naye ana masikio yake yaliyofundishwa: miaka yote ile mlango ukigongwa usiku alijua kinachoingia. Mwambie tu kwamba siku mate yakikujaa, yeye ndiye wa kwanza utakayempigia, na asikujibu kwa hukumu.

Bilauri mpe yeye aitoe nyumbani. Usimuulize ameipeleka wapi.