Duka la kanga la babu: anzeni na hesabu ya doti

Ndugu yangu, umesema duka la babu pale Kariakoo limepungukiwa wateja, wewe unataka kuuza kanga kwa simu na mzee hataki kuacha daftari lake. Mwachie daftari. Ndani yake mna majina ya wateja wa miaka mingi, na hao ndio wa kuwapigia kwanza.

Fungeni Jumapili moja mhesabu mzigo wote: kila doti, jina lake (msemo ulioandikwa juu yake), rangi, idadi na bei ya kununulia. Bila hesabu hiyo utamuuzia mteja wa Mbeya doti ambayo mzee kaiuza dukani asubuhi, kisha uanze kurudisha hela na kuomba radhi.

Picha pigeni mchana karibu na mlango, kanga ikiwa imekunjuliwa yote, pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vionekane na jina lisomeke. Taa ya dukani hugeuza rangi, na malalamiko mengi huanzia hapo.

Lipa namba, ile ya kupokelea malipo ya simu, iwe ya duka, si laini yako binafsi. Fedha zikichanganyika, ndugu watagombana. Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu ya mteja usiuamini kabisa. Tazama salio la duka ndipo utoe mzigo. Wa mikoani walipe kwanza, pamoja na gharama ya kusafirisha kwa basi, nawe uwatumie picha ya risiti ya mzigo.

Kuchagua majina ya kanga mwachie mzee. Msemo wa kumtunza bibi harusi na wa kumpa mama mkwe anaujua yeye.